Ramani Nzuri ni Ile Isomwayo na Wote

Wengi wetu hudhani kwamba ramani ikipambwa kwa rangi nyingi zenye kung'aa, basi hiyo ndiyo ramani nzuri. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipopata aibu mbele ya darasa zima.

Tuliambiwa tuchore ramani ya mvua ya Uganda kwa kompyuta, tukitumia lugha ya programu iitwayo R. Nikaandika amri ya rainbow, yaani upinde wa mvua, nikaomba rangi 12. Ramani ilipendeza kweli kweli! Lakini rangi za amri hiyo huanza na nyekundu, hupita manjano, kijani na buluu, kisha hurudi karibu na nyekundu ile ile. Basi Karamoja, penye mvua haba, na visiwa vya Ssese, penye mvua tele, vikawa vyekundu vyote viwili.

Tena yuko mwenzetu ambaye macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Yeye alishindwa kabisa kuisoma, na wengine wakamcheka. Mimi nasema kosa halikuwa lake, lilikuwa langu niliyechora. Watu kama yeye si wachache: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, ni kadiri ya mmoja katika 12.

Dawa yake ni rahisi. Tangu mwaka 2019, R inayo amri ya hcl.colors, ambayo usipoichagulia rangi hukupa zile ziitwazo viridis. Hizo huanza na zambarau nzito, hupita buluu na kijani, na kuishia manjano, na kila moja ina mwanga zaidi kuliko iliyoitangulia. Hata ramani ikipigwa chapa kwa wino mweusi mtupu, mpangilio wake haupotei.

Najua wako watakaosema kwamba rangi hizo hazichangamshi. Nakubali kwamba vitu visivyo na mkubwa wala mdogo, kama mabweni yetu, vyaweza kupewa rangi zozote zinazotofautiana vema. Lakini mvua ina haba na tele; rangi zake nazo zifuate utaratibu huo.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kuuliza kama ramani yapendeza, tuulize kwanza kama kila mmoja darasani aweza kuisoma.