Kabureta imestaafu, fundi asiachwe nyuma

Kwa miaka mingi fundi wa magari nchini amefanya kazi kwa macho, masikio na pua. Aliisikiliza injini, akaunusa moshi, kisha akashika bisibisi na kuizungusha skrubu ya kabureta hadi mngurumo ukatulia. Elimu hiyo haikuwa duni. Imewapa riziki vijana wengi wa jua kali. Lakini aghalabu ya magari madogo yanayoshushwa leo katika bandari ya Mombasa hayana kabureta. Mahali pake pamechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta, na naamini hatujalipa badiliko hili uzito unaolistahili.

Kwanza tuuelewe mfumo wenyewe. Petroli huungua vyema ikichanganywa na hewa kwa kipimo maalumu: gramu 1 ya petroli kwa takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na mafuta hupotea bure. Ikipungua, injini hukosa nguvu. Kabureta ilikisia kipimo hicho. Hewa ilipopita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, iliyavuta mafuta kupitia kijitundu. Kijitundu hicho hakibadiliki. Ndiyo sababu gari lililorekebishwa Mombasa, kwenye usawa wa bahari, lilibwia mafuta lilipofika Nairobi, mji ulioinuka mita zipatazo 1,700, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa sita.

Mfumo mpya haukisii, bali hupima. Sensa hupima hewa inayoingia, joto la injini na jinsi dereva alivyokanyaga pedali. Sensa nyingine, iliyo kwenye bomba la moshi, hupima oksijeni iliyosalia baada ya petroli kuungua. Habari hizi hupelekwa kwa kompyuta ndogo, nayo huiamuru injekta ifunguke kwa milisekunde chache tu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, injekta ya kila silinda hufunguka mara 50 kwa sekunde. Oksijeni ikizidi katika moshi, kompyuta huongeza mafuta; ikipungua, huyapunguza. Mwanafunzi wa biolojia atatambua kwamba hivyo ndivyo mwili unavyodhibiti joto lake.

Ujuzi huu si wa jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa mfumo wake wa kielektroniki mwaka 1967 katika magari ya Volkswagen yaliyouzwa Marekani, ambako sheria za kupunguza moshi zilikuwa zimeanza kukaza. Mwezi Aprili 2020, kanuni mpya za moshi nchini India ziliusukuma mfumo huu hadi kwenye pikipiki ndogo. India ni miongoni mwa nchi zinazotuuzia bodaboda. Kwa hivyo, yaliyoanza kwa magari yatafika kwa pikipiki zetu pia.

Tatizo letu liko wapi? Liko gereji. Sensa moja ikiharibika, fundi asiyeuelewa mfumo hubahatisha: leo plagi, kesho pampu, keshokutwa injekta. Mwenye gari ndiye hulipa. Mimi mwenyewe nimewahi kununua vipuri vitatu kabla ya kubainika kuwa waya mmoja tu ulikuwa umekatika.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kununua mashine ya kusoma hitilafu, na kwamba zama za fundi wa jua kali zimekwisha. Siafikiani nao. Ni kweli kwamba magari yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996 yana tundu sanifu la kuunganishia mashine hiyo, na mataifa mengine yakafuata. Hata hivyo, mashine hutaja dalili, haitaji ugonjwa. Ikisema kuwa mafuta ni machache kuliko hewa, huenda pampu imechoka, injekta imeziba, au mpira umepasuka na kuingiza hewa isiyopimwa. Kuchagua kati ya hayo matatu kunahitaji akili inayofuata sababu hadi chanzo, pamoja na lile sikio la zamani.

Basi kazi ni ya walimu. Injekta kuukuu, betri na mita ya umeme hutosha kuonyesha darasani jinsi sumaku-umeme inavyofungua vali. Somo la fizikia litapata mwili, na mwanafunzi ataona kwamba oksijeni, shinikizo na mkondo wa umeme si maneno ya mtihani tu. Vyuo vya ufundi navyo viwafungulie milango mafundi waliokwisha kuzoea kazi, kwa masomo ya jioni na ya wikendi. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni hatua njema, lakini cheti kinachotambua ujuzi wa kabureta pekee hakitamfaa fundi anayefungua boneti asiione kabureta.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Naam, hauzeeki maadamu unaongezwa. Fundi aliyejifunza kusikiliza injini anaweza pia kujifunza kuisoma kompyuta yake, ila hatajifunza ikiwa tutamwachia jukumu hilo peke yake.