Na ya Kutolea

Saa saba mchana, kwenye kibanda cha mama lishe jijini Dar es Salaam, mteja anamaliza sahani ya wali maharage, anajipapasa mifukoni, kisha anauliza kama anaweza kulipa kwa simu. Jibu analijua kabla hajalisikia: "Tuma tu, kaka, ila weka na ya kutolea."

Wapo wanaoyasikia maneno hayo kama ujanja wa kujiongezea senti. Wengine, hasa wazungumzaji wa semina za ujasiriamali, huyachukua kuwa ushahidi kwamba mfanyabiashara mdogo bado hajaielewa teknolojia na anahitaji kuelimishwa. Toleo hili linapinga dhana zote mbili. Mama lishe amepiga hesabu yake vizuri kuliko anayemhubiria.

Fuatilia pesa yake. Samaki amenunua soko la samaki la Feri alfajiri, kwa fedha taslimu. Muuza mkaa aliyekuja na guta anataka taslimu. Binti anayeosha vyombo hulipwa jioni, mkononi, maana naye ana nauli ya daladala ya kutoa. Pesa ya mteja inaingia kwenye simu bure, lakini haiwezi kununua gunia la mkaa mpaka ipite kwa wakala, na wakala hatoi bila makato. Kwenye sahani ya shilingi elfu mbili, makato hayo yanakula faida yenyewe.

Madai kwamba wafanyabiashara wadogo huburuzwa na teknolojia hayapatani na historia. Kabla huduma za kutuma pesa kwa simu hazijakuwapo, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakitumiana vocha: mjini mtu ananunua muda wa maongezi, anausoma kwa simu, na kijijini mwenye duka anaubadilisha kuwa pesa. M-Pesa yenyewe, ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho yao. Wakopaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao na kulipana kwenye biashara. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilibeba kazi ambayo watumiaji hao waligundua wenyewe: kutuma pesa. Mwaka uliofuata ikavuka kuingia Tanzania.

Mwendo huo haujasimama. Fundi cherehani leo anatumiwa picha ya mshono kwa WhatsApp, anajibu bei ya ufundi, anadai nusu kabla hajagusa kitambaa. Kijana asiyeweza kulipa kodi ya fremu ya miezi sita mbele anauza viatu kupitia picha anazoweka mtandaoni, na duka lake ni chumba anacholala. Pembeni yake imezaliwa ajira nyingine, ya bodaboda anayepeleka mzigo, anayemsubiri mteja ajaribu kiatu na kurudi na jibu. Wauzaji wa aina hii wamejifunza kwa hasara. Wanajua meseji ya kughushi ya muamala inavyofanana na ya kweli, na wengi hawaachii mzigo mpaka waangalie salio.

Nchini Kenya, wachuuzi waliokuwa wakipokea malipo kwenye namba zao binafsi walisumbuliwa na wateja waliokula, wakalipa, kisha wakaomba muamala urudishwe. Mwaka 2021 kampuni ya simu ya Safaricom ilileta Pochi la Biashara, inayotenga pesa ya biashara na ya nyumbani na kumzuia mteja kuivuta pesa aliyokwisha kulipa bila muuzaji kuhusishwa. Hapo teknolojia ilimfuata mchuuzi alipo.

Tanzania nayo ina Lipa Namba, namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, na Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu. Njia ya kuingiza pesa iko wazi. Inayobana ni ya kutokea, na sera zimeibana zaidi. Julai 2021 serikali iliweka tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bajeti ya 2023 iliiondoa kwenye kutuma, ikaiacha kwenye kutoa.

Yaani iliachwa palepale mama lishe anapobanwa. Kenya ilionyesha mwaka 2020, wakati wa korona, kwamba kiasi kidogo chaweza kuachwa bila makato, japo huko ilikuwa kwenye kutuma: kutuma hadi shilingi 1,000 za huko kulifanywa bure kwa miezi kadhaa, na hadi 100 kukabaki bure hata baada ya hapo.

Makala za toleo hili zinatoka kwa mafundi, wachuuzi na mawakala. Madai ya toleo kwa Hazina na kampuni za simu ni kwamba kutoa kiasi kidogo kusitozwe. Kwa wauzaji wa jumla, wa samaki, wa mchele, wa mkaa, ombi ni kupokea Lipa Namba, ili pesa ya mama lishe izunguke bila kupita kwa wakala. Na wewe msomaji, mpaka hayo yatimie, ukila leo mchana, weka na ya kutolea.