Kimya cha Kata Nacho ni Ushahidi

Mabishano yaliyojaza kurasa zetu tangu toleo lililopita, baina ya wale washikao kwamba demokrasia ya Tanzania imeporomoka tangu mikutano ya hadhara ya vyama ilipopigwa marufuku mwaka 2016 na wale wajibuo kwamba kisichopata kusimama hakiwezi kuanguka, yamenichosha. Na yamenichosha si kwa sababu jambo lenyewe ni dogo, kwani baada ya yaliyotukia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata hapana mwenye insafu awezaye kuliita dogo, bali kwa sababu pande zote mbili zinatazama mahali pamoja, yaani Ikulu, Bunge na Tume ya Uchaguzi, na mambo ya vijijini zinayachukua kuwa mwangwi tu wa hayo. Wanafunzi wa shahada ya uzamivu waliotuletea makala wamelelewa katika mabishano haya, na wengi wao wamekuja na suala moja: faharisi ya demokrasia ya V-Dem kutoka Gothenburg imeshuka kiasi gani, na ilianza kushuka mwaka gani? Mimi nawasihi waliweke kando suala hilo kwa muda, wapande gari hadi Ileje, wafike kata ya Mbebe, wakae. Siitaji Mbebe kwa mapenzi ya kwetu peke yake, ingawa mapenzi hayo ninayo na siyafichi.

Watafiti wajao mkoani Songwe aghalabu huishia Tunduma, na sababu yao inaeleweka. Mwaka 2015, kabla mkoa haujamegwa kutoka Mbeya, Chadema ilitwaa Tunduma, Momba na Mbozi, nusu ya majimbo sita yaliyomo leo mkoani. Mwaka 2020 yote sita yalikwenda CCM, na David Silinde, aliyekuwa mbunge wa Momba kwa tiketi ya Chadema, alirejea bungeni kwa tiketi ya CCM akiwa mbunge wa Tunduma. Novemba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Freeman Mbowe, kiongozi wa Chadema wakati huo, na wenziwe walikamatwa na polisi humu humu Songwe wakiwa katika kampeni. Mji wa mpakani, wenye msururu wa malori, wabadilisha fedha na vijana wasiochelea kusema, humpa mtafiti katika juma moja maneno ya kujazia sura nzima ya tasnifu. Mbebe haimpi hayo. Itampa watu wapole watakaomkaribisha na kumwambia kwamba hapa kwetu hakuna matatizo. Naye atafunga daftari, na katika jedwali lake, penye safu ya migogoro ya kisiasa, ataandika sifuri.

Ugomvi wangu ni na sifuri hiyo. Kanzidata ya Uppsala huutambua mgogoro wa silaha pale vifo vya mapigano vinapofika 25 kwa mwaka. ACLED, ambayo hukusanya hata matukio madogo, hutegemea mno habari ambazo mtu fulani amekwisha kuziandika mahali fulani. Na V-Dem hutegemea hukumu za wajuzi waulizwao juu ya nchi nzima. Siwadharau waliozifanya kazi hizo, kwani bila wao tusingekuwa na la kulinganisha. Walakini intaneti ilipozimwa nchini siku ile ya Oktoba, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, hata idadi ya waliouawa ikawa jambo la kubishaniwa baina ya serikali, vyama na mashirika ya haki za binadamu. Na ikiwa mauti ya mjini, mbele ya simu za maelfu ya watu, hayakuhesabika kwa itifaki, sembuse woga wa mtu mmoja wa kijijini aliyeichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji, akaenda nayo nyumbani, asiirudishe?

Fomu hiyo ndiyo ningependa kila mwanafunzi wa uzamivu aishike mkononi kabla hajaandika sentensi yake ya kwanza. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji husimamiwa chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu ya tawala za mikoa na serikali za mitaa: msimamizi msaidizi apokeaye fomu ni mtumishi wa umma, na anayeenguliwa hukata rufaa kwa kamati ambayo mwenyekiti wake ni Katibu Tawala wa Wilaya. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, wengine wakilalamika kwamba ofisi zilifungwa siku ya kurudisha fomu, wengine kwamba walikosolewa kwa herufi za majina; Chadema na ACT-Wazalendo wakajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 vyama hivyo vilishiriki, na hesabu ikatoka karibu ileile. Lakini mtafiti asiishie katika hesabu. Atazame ofisi yenyewe, akumbuke kwamba katika ofisi ya kijiji hiyo hiyo ndimo mkulima anamojiandikisha ili apate mbolea ya ruzuku, na ndimo anamopata barua ya utambulisho ya kupeleka benki au ya kumdhamini nduguye aliyeshikwa. Kisha ajiulize kama mtu mwenye shamba la mahindi na mtoto wa kusomesha anahitaji kutishwa na yeyote ili aamue kwamba uenyekiti si haja yake. Na kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mgombea asiye na chama, licha ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuamua kinyume chake katika shauri la Mchungaji Mtikila mwaka 2013, aliye na haja hiyo hupitia kura za maoni za CCM, na humo ndimo ushindani hujificha, mkali kuliko ule wa hadharani, wala hapana kanzidata iuonayo.

Liko pia buku la mihutasari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkaazi aliyetimiza umri wa miaka 18, ukae kila baada ya miezi mitatu. Na yale yasemwayo huandikwa, penye mtendaji mwenye bidii, kwa kalamu ya wino katika buku gumu linalofungiwa kabatini. Mtafiti aombe kuliona. Asome ni mara ngapi taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa, nani aliinuka kuuliza juu ya michango ya darasa au zahanati, na kama jina la muulizaji lilionekana tena katika mkutano uliofuata. Huenda akakuta maswali yalikoma zamani kabla ya 2016, na hapo hoja ya upande wa kwanza itatetereka; huenda akakuta yaliulizwa kwa ukali tangu enzi za chama kimoja, ambazo katika uchaguzi wa 1965, uliochunguzwa katika kitabu alichokihariri Lionel Cliffe mwaka 1967, wananchi waliweza kuwaangusha hata mawaziri, na hapo hoja ya upande wa pili, ya kwamba hakikusimama kitu, itahitaji kuandikwa upya. Sijui njia nyingine ya kuamua baina yao iliyo ya haki kuliko hii.

Fauka ya hayo, Ileje inampa mtafiti zawadi ambayo Dar es Salaam haiwezi kumpa, nayo ni mpaka. Daniel Posner, katika makala yake ya mwaka 2004, aliwatazama Wachewa na Watumbuka waliogawanywa na mstari wa wakoloni baina ya Zambia na Malawi, akaonyesha kwamba watu wale wale ni mahasimu wa kisiasa upande mmoja na maswahiba upande wa pili, kwa kuwa Malawi kila kabila ni kubwa kiasi cha kuwa mtaji wa kura na Zambia yote mawili ni madogo. Nani ameutazama hivyo mto Songwe? Walambya wako Ileje na wako Chitipa ya Malawi. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde ya Zambia. Wanaoana, wanazikana, wanauziana mahindi. Ng'ambo ya mto, Wamalawi wamemwona rais aliye madarakani akishindwa kwa kura mwaka 1994, 2014, 2020 na 2025, na tarehe 3 Februari 2020 wakawasikia majaji wakiubatilisha uchaguzi wa rais. Ng'ambo ya Tunduma, Wazambia wamemwona rais akishindwa mwaka 1991, 2011 na 2021, na Hakainde Hichilema, aliyeshtakiwa kwa uhaini Aprili 2017, akila kiapo cha urais Agosti 2021. Upande huu chama ni kilekile, kwa jina la TANU na kisha la CCM, tangu uhuru; Tundu Lissu wa Chadema alishtakiwa kwa uhaini Aprili 2025, chama chake kikakosekana katika uchaguzi wa Oktoba, na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Mlambya wa Ileje anayajua haya yote bila kuambiwa na mhadhiri, maana ameyasikia redioni na kwa shemeji yake. Je, ujuzi huo humfanya adai zaidi, au humfanya akate tamaa zaidi kwa kuona kwamba liwezekanalo umbali wa kutwa moja kwa miguu haliwezekani kwake? Hili ni suala la uzamivu kamili, nami nalisema kwa kishindo kwa kuwa nimelingoja muda mrefu.

Anayekwenda huko hana budi kujua anaingiaje. Mwaka 2018 watu wa shirika la Twaweza walipotoa matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha kwamba waliokubali utendaji wa rais wa wakati huo wameshuka hadi asilimia 55 kutoka 96 ya mwaka 2016, walijikuta wakiulizwa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia itoayo vibali vya utafiti, juu ya kibali, na mkurugenzi wao akanyang'anywa pasi ya kusafiria. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa ili kuzipinga takwimu rasmi kuwe kosa la jinai, hata ikalegezwa mwaka 2019. Hayo wanafunzi wetu wanayakumbuka, na wanakusanya vibali kwa uangalifu: cha COSTECH, kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mpaka wafike mlangoni pa mzee wa watu wakiongozana na mtendaji, na barua yenye mihuri minne mkononi. Wanachosahau kuandika katika sura ya mbinu za utafiti ni kwamba mzee ameiona mihuri hiyo. Afrobarometer, mwishoni mwa kila mahojiano, humuuliza mhojiwa anadhani aliyemtuma mhoji ni nani, na wengi hujibu kwamba ni serikali. Watafiti wetu hawaulizi, na kwa hiyo hawajui kama kimya walichokipokea ni rai ya mtu juu ya nchi yake au ni adabu yake kwa mgeni aliyeletwa na mtendaji.

Katika toleo hili msomaji ataona makala juu ya ibara ya 41(7) ya Katiba, izuiayo matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani na ambayo Mahakama hiyo ya Afrika, iliyoko Arusha, iliikosoa Julai 2020. Ni kazi safi ya sheria. Iko makala juu ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Iko nyingine ya kulinganisha faharisi tatu, nami nimeichapisha kwa kuwa hesabu zake ni sahihi. Makala ya mwisho, juu ya mikutano ya vijiji wilayani Ileje, ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo ninayowaomba muisome kwanza.

Kuanzia toleo lijalo, makala juu ya uchaguzi au migogoro ya siasa isiyoeleza mwandishi aliingia kijijini kwa barua ya nani, aliongozana na nani, na alizungumza kwa lugha gani, tutairejesha kwa mwenyewe kabla ya kuipeleka kwa wasomaji wa tathmini. Tutamtaka pia atuletee muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, utakaobandikwa katika ubao wa matangazo wa kijiji alichokitafiti, maadamu majina ya waliozungumza naye yamefichwa na wao wenyewe wameridhia. Makala zitapokewa hadi mwisho wa Machi.