Mama si Askari Magereza

Swali gumu huwa la bia. Mama amesimama kizimbani katika mahakama ya Anchorage, Alaska, ameshaapa, na kijana wake yuko rumande; anaomba aachiwe amsimamie nyumbani hadi kesi iishe. Mwendesha mashtaka ameanza kwa upole: unatoka kazini saa ngapi, usiku ukilala nani atakuwa macho, nyumbani kuna bunduki? Kisha analileta lenyewe: mwanao akifungua bia moja tu mbele yako, utapiga simu polisi? Akisema hapana, kijana harudi nyumbani. Akisema ndiyo, neno lake limeingia kwenye kumbukumbu za mahakama, na siku moja litamrudia.

Msimamizi wa namna hii si mdhamini tuliyemzoea. Mdhamini wa Kenya huweka mali: hati ya shamba au logibuku ya gari hubaki mahakamani. Mshtakiwa akiruka dhamana, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe. Akishindwa kulipa na mali ya kukamata ikakosekana, kifungu cha 131 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaruhusu afungwe hadi miezi 6. Mzigo huo si mwepesi, na wapo waliopoteza shamba kwa ajili ya binamu. Lakini una kingo. Kifungu cha 128 kinamruhusu kuomba kujitoa. Mshtakiwa hukamatwa upya, na mdhamini akaenda zake. Wala hakuna anayemtaka alale jicho moja wazi.

Huko Marekani rehani ni macho ya mtu. Sheria ya dhamana ya shirikisho ya mwaka 1984 inamwezesha hakimu kumweka mshtakiwa chini ya mtu aliyekubali kumsimamia na kuripoti kila sharti litakalovunjwa. Alaska imekwenda mbali zaidi. Kutoripoti mara moja, hali unajua, ni kosa la jinai kwa msimamizi mwenyewe, na kesi ya aliyeachiwa ikiwa nzito anaweza kufungwa hadi mwaka 1. Mara nyingi amri humtaka mshtakiwa awe mahali anapoonekana au kusikika, saa 24. Ukienda dukani, mnakwenda wote. Zamu ya usiku uisahau.

Nani anayeweza kazi hiyo? Mwenye kesi yake mwenyewe mahakamani hakubaliwi, na anayetarajiwa kuwa shahidi kwa kawaida naye huwekwa kando. Anayebaki lazima awe na nafasi ya kukaa nyumbani mchana kutwa, na katika familia maskini mtu huyo ni bibi mzee au dada aliyeacha kibarua. Kwa watu wa vijiji vya jirani na Bethel, mji usiofikiwa kwa barabara bali kwa ndege au kwa mto, kumpata mtu wa kuhojiwa na mahakama ni safari nzima. Hivyo wawili walioshtakiwa kwa kosa lilelile wanaachana mlangoni: mwenye shangazi mstaafu anatoka, asiye naye anabaki, hata kama si yeye aliye hatari zaidi.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, nami siipuuzi. Familia isiyo na dola ya kuweka bado ina mtu wa kuaminika, na mwanamke aliyepigwa ana haki ya kujua kwamba kuna anayemchunga aliyempiga. Ila serikali isimwachie mpishi wa nyumbani kazi inayolipiwa mshahara. Tangu Januari 2018 Alaska ina maofisa wake wa kusimamia washtakiwa walio nje. Kukesha ni kazi ya hao.

Msimamizi aachiwe yale anayoyaona bila kupeleleza: kijana amekimbia, amemfuata mlalamikaji, ameshika silaha. Kwa hayo aripoti, na akificha makusudi awajibishwe. Bia iliyonywewa sebuleni mbele ya televisheni iwe ya ofisa kuipima kwa vipimo vyake, isiwe ya mama kumfunga mwanawe kwayo. Na namba atakayopewa mama iwe ya ofisa huyo, anayelijua faili na anayepokea simu usiku, ili asubuhi atakapoona hawezi tena aseme hivyo kabla kijana hajavunja lolote.