Daftari la wiki: Vioo, vidoti na makontena

Gerezani, Kariakoo, asubuhi. Kijana amechutama kando ya RAV4, mashine yake ndogo inalia kama nyigu, anachora namba ya gari kwenye kioo cha pembeni. Akimaliza hapo anahamia kwenye taa, kisha vioo vya milango. Mwenye gari amemsimamia, anahakikisha tarakimu hazipindi. Dar es Salaam imejaa magari yenye namba hizi, na sababu inajulikana: kioo kilichong'olewa usiku Sinza huweza kuuzwa mchana dukani, na mnunuzi asiulize kimetoka wapi. Namba inamlazimisha aulize. Kazi ya kijana huyu naiheshimu. Kinachoniuma ni kwamba ulinzi huu tumeuachia mfuko wa mwenye gari.

*

Afrika Kusini wameuweka kwenye sheria. Tangu Septemba 2012, gari jipya linaposajiliwa mara ya kwanza sharti liwe limepuliziwa vidoti, maelfu ya vipande vidogo mno, kila kimoja na namba inayosomeka kwa kioo cha kukuzia. Huwekwa mpaka kwenye pembe za ndani ambazo mkono haufiki. Mwizi anaweza kubadili kibao cha namba na kusaga namba ya chasisi, lakini kuvisaka vidoti vyote asibakize hata kimoja ni shughuli nyingine. Havimzuii mwenye bastola barabarani, na nchi ile bado inateswa na uporaji wa magari. Vinamharibia biashara baadaye.

*

Kisa cha Kia na Hyundai nchini Marekani hakinitoki. Hadi modeli za 2021, kampuni hizo ziliuza huko magari mengi ya bei nafuu yasiyo na imobilaiza, kifaa kinachoizuia injini isiwake mpaka kitambue chipu ya ufunguo. Vijana wakagundua kwamba ukibandua kifuniko cha chini ya usukani, ncha ya waya wa USB inatosha kugeuza swichi. Video zikasambaa, na wizi ulioanza kuvuma Milwaukee ukafika miji mingi. Februari 2023, mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilipotangaza kwamba kampuni zitarekebisha programu za magari hayo bure, ilikuwa imeshapokea taarifa za ajali 14 na vifo 8 vilivyohusishwa na wizi huo.

Vuka mpaka uingie Kanada. Kampuni ni zile zile, lakini wimbi lile halikuwakumba. Serikali yao ililazimisha imobilaiza kwenye magari mapya tangu Septemba 2007. Ya Marekani haikulazimisha. Kifaa chenyewe ni cha bei ndogo, kinafungwa kiwandani, mnunuzi hata hajui kipo. Nikisikia mtu akidai kwamba serikali haina sababu ya kuwaingilia watengenezaji, nawafikiria wale watu wanane.

*

Kanada nao hawajapona. Mwizi wa siku hizi hunasa mawimbi ya ufunguo wa rimoti akiwa nje ya nyumba, gari likawaka, na baada ya muda mfupi limo ndani ya kontena likielekea bandari ya Montreal. Mwaka 2023 maofisa wa mpakani walikamata magari ya wizi zaidi ya 1,800. Mei 2024 serikali ikatoa mpango wa taifa: makontena zaidi yapekuliwe, adhabu zikazwe. Mengi kati ya magari hayo hupelekwa Afrika na Mashariki ya Kati.

Hapo ndipo tunapohusika sisi. Mwaka 2015 wachunguzi wa Uingereza walifuata mawimbi ya kifaa kilichofichwa ndani ya Lexus iliyoibwa London: Ufaransa, Oman, Mombasa, hadi Uganda, ambako ilikutwa pamoja na magari mengine yaliyoibwa Uingereza. Bandari zetu ni lango la wizi wa mbali kama zilivyo lango la biashara halali, na anayeumia mwishoni ni mama wa Kampala au Mwanza aliyelipa akiba yake yote, kisha polisi wakaja kulichukua gari.

Interpol wanayo kanzidata ya magari yaliyoibwa duniani, na polisi wa nchi zetu wanaifikia. Ninachokitaka ni kwamba gari la mtumba lisipewe kadi, Dar wala Mombasa wala Kampala, kabla namba yake ya chasisi haijapitishwa humo, na mnunuzi apate jibu hilo kwenye simu yake kabla hajamkabidhi dalali hata shilingi.