Jua la Milimani na Mtoto Mwenye Ualbino

Akina mama wenzetu, huku Kibondo na Kasulu hewa ni ya baridi, na asubuhi tunajifunika vitenge viwili. Baridi hiyo ndiyo inayotudanganya. Mama haoni joto, basi humketisha mtoto mwenye ualbino kando ya shamba la maharage mpaka saa sita. Kumbe mionzi inayounguza ngozi haijali baridi, na huku juu milimani huzidi ukali.

Mtoto huyo amezaliwa na upungufu wa melanini, ile rangi inayotia weusi katika ngozi, nywele na macho. Amerithi hali hiyo kwa baba na kwa mama pamoja, hata kama wote wawili ni weusi. Wako wanawake waliorudishwa kwao kwa kushukiwa uzinzi. Tunaomba akina baba wakilikuta gazeti hili mezani wasome hapa mara mbili.

Nywele zake za manjano hazina shida. Ngozi ndiyo ya kuangaliwa: ikiungua mara kwa mara hutoa madoa, kisha vidonda, na saratani yaweza kumpata angali kijana. Mafuta ya mgando tunayompaka kila asubuhi hulainisha tu, hayazuii jua. Yanayozuia ni mafuta maalumu ya kukinga mionzi, kama Kilisun yaliyoanzia KCMC, Moshi. Hata ukiyapata, mvalishe mikono mirefu na kofia pana inayofunika masikio na shingo, na akae kivulini tangu saa nne hadi saa kumi. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali, si kwa mganga.

Hofu ya kumtoa nje tunaifahamu. Baada ya mauaji yaliyovuma tangu 2007, watoto wengi walihifadhiwa Kabanga, hapa Kasulu, mbali na mama zao. Hata hivyo, shule anaihitaji.

Huko shuleni taabu yake ni macho. Yanachezacheza, yanaumizwa na mwanga, na hayaoni mbali. Miwani humsaidia lakini haimalizi tatizo, maana nyuma ya jicho nako hakukukomaa sawasawa. Akiinamisha kichwa upande anaposoma, si jeuri wala uzito wa akili. Anatafuta pembe ambayo macho yake hutulia. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, asielekee dirisha lenye jua, na amruhusu kusogea hadi ubaoni.