Mchagua Jembe si Mkulima

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huo hauhitaji ushahidi mwingine ila mwenendo wa baadhi ya wapiga picha wa siku hizi. Kila viwanda vya Japani vinapotoa kamera mpya, ile ya mwaka juzi huanza kuonekana takataka machoni pa mwenyewe, ingawa haijapata kuharibika hata siku moja. Mikopo huchukuliwa, akiba ya ada za watoto huguswa, na maofisini barua huandikwa kuomba fungu la "vifaa vya kisasa". Baada ya hayo yote picha hutoka zile zile: mgeni rasmi amekatwa miguu, kivuli kimefunika nyuso, na darasa zima limepangwa kama magunia ghalani.

Ni lazima iulizwe bila kuoneana haya: je, kazi hii inadai kamera mpya, au inadai mtu anayeijua kazi?

Jibu limo katika historia ya Afrika yenyewe. Mwaka 1948 Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali. Kamera yake ilikuwa kubwa na nzito, yenye kutumia filamu za sentimita 13 kwa 18. Mara nyingi alipigia picha uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Hivyo alilazimika kufikiri kabla ya kubonyeza: bega ligeuzwe vipi, mkono ukae wapi, nuru iangukie upande gani. Mwaka 1994 picha hizo zilitundikwa katika ukumbi wa Fondation Cartier mjini Paris. Hazikuhitaji kuombewa radhi kwa sababu ya ukongwe wa kamera.

Wapo watakaosema kwamba dunia imebadilika. Basi hesabu na ifanywe. Picha ya gazeti yenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15, ikichapishwa kwa nukta 200 kwa kila inchi, haidai hata pikseli milioni 2. Kamera ya Nikon D1 iliyotolewa mwaka 1999 ilikuwa na pikseli milioni 2.7, na wapiga picha wa magazeti waliifanyia kazi. Leo zinauzwa kamera za pikseli milioni 45. Afisa anayedai kamera ya namna hiyo ili apige picha ya mkutano itakayochapishwa kwa ukubwa wa kiganja, anadai trekta la kulimia tuta moja la mchicha.

Haki lakini itendeke. Anayepiga picha za mpira usiku, au za wanyama porini kutoka mbali, hawezi kuambiwa atosheke na chombo chochote. Kamera isiyoona gizani na lenzi isiyofika mbali humzuia kweli. Huyo ana haki ya kuomba, kwa sababu anaweza kuitaja picha aliyoikosa na kueleza kwa nini aliikosa. Hicho ndicho kipimo. Asiyeweza kuonyesha picha iliyomshinda kwa sababu ya kamera yake, hana hoja, ana tamaa.

Madhara ya tamaa hiyo hayaishii mfukoni mwake. Gharama humwangukia mzazi anayelipia picha za harusi na mlipa kodi anayelipia vifaa vya ofisi. Kubwa zaidi, kijana mwenye kipaji na kamera ya mkono wa pili hukatishwa tamaa, akaambiwa kwamba bila ya chombo kipya yeye si mpiga picha. Hiyo ni kasumba, nayo huua vipaji kabla havijachipua.

Wakati umefika wa kuivunja. Mwenye kuidhinisha fedha za ofisi na aulize kwanza: mafunzo yako wapi? Mwalimu mwenye wanafunzi wapendao picha na awape kamera kuukuu, awafundishe kuusoma mwanga wa asubuhi na wa jioni. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na mpiga picha aliyekosa jicho husingizia kamera.